Sauti Ambayo Haijaambiwa

Mghoi Mwadime alikuwa katikati ya ukelele wake maarufu kuliko yote alipokumbuka kwamba ameacha maharagwe yakilowa jikoni tangu jana, na kwamba kwa joto hili yatakuwa yameanza kuchacha.

Ukelele wenyewe haukuhitaji akili yake. Ulitoka kifuani, ukapita kooni, ukapanda hadi pale ambapo watu wote waliojaa uwanjani alasiri ile walikuwa wakiusubiri, ukakaa hapo juu bila kutetereka, kisha ukapasuka mwishoni kwa ule mpasuko mdogo ambao kila mtu aliujua. Mpasuko huo ulitokea kwa bahati mbaya usiku mmoja huko Hamburg, miaka thelathini na mitano iliyopita, na tangu hapo haujawahi kukosa wala kuchelewa. Wasichana wa mstari wa mbele, ambao mama zao walikuwa bado wanavaa sare za shule usiku ule, walifumba macho wakatokwa na machozi ya kweli. Mghoi aliwatazama akawaonea wivu kidogo. Wivu nao ukapita, akarudi kwenye maharagwe.

Nyuma yake bango la taa lilisema MGHOI NA NYUFA, na chini yake, kama sheria ilivyotaka, SAUTI YA MIAKA 27. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sitini na miwili, goti linalotabiri mvua, na miwani tatu anazozipoteza kwa zamu. Bango halikuwa na habari na goti.

Nyuma ya jukwaa alimkuta Otiende ametumbukiza mikono yote miwili ndani ya ndoo ya barafu. Otiende ndiye mpiga dramu wa Nyufa tangu siku walizokuwa wakifanya mazoezi katika gereji ya mjomba wake na kufukuzwa na majirani. Wengine wote wa kundi la kwanza walikuwa wameshabadilishwa na vijana.

"Leo umenichelewesha," Mghoi alimwambia. "Ubeti wa tatu."

"Si kidogo!" Otiende alicheka. "Wewe huchelewi, huwahi, wewe ni saa ya ukutani. Mimi ndiye ninazeeka hadharani. Juzi kijana mmoja ameniambia, mzee, siku hizi unapiga polepole lakini sasa unapiga vizuri zaidi. Nilifika nyumbani nikamwamsha mke wangu kumwambia." Akatoa mkono mmoja kwenye barafu akautazama. "Wewe nani atakuambia hivyo?"

"Hakuna."

"Ndicho ninachosema." Akaurudisha mkono ndani ya ndoo. "Kwa hiyo kesho wanakutoa?"

"Wanatoa utando. Mimi nabaki."

Otiende hakucheka safari hii. Alimtazama kwa huruma, na Mghoi akaipokea huruma ile kama mtu anavyopokea barua ya jirani iliyoletwa kwake kwa makosa. Akaenda kutafuta gari.

*

Daktari Chelagat alikuwa kijana, mwenye mikono midogo na tabia ya kuomba radhi kabla ya kuumiza. Kwa Mghoi haikuwa na maana kuomba radhi. Kifaa kiliingia kooni, kikabandua, kikatoka, na yeye muda wote huo alikuwa akihesabu vigae vya dari.

Utando uliwekwa kwenye sahani ya kioo mbele yake. Ulikuwa ngozi nyembamba kama ya kitunguu, iliyooteshwa kutokana na chembe za mwili wake mwenyewe, ya kulazwa juu ya nyuzi za sauti. Ndani yake mlikuwa na kalibu, yaani umbo la sauti kama ilivyokuwa saa fulani ya usiku fulani. Mwimbaji alivuta pumzi, na utando ukaipinda pumzi hiyo mpaka ikafanana na kalibu. Ili nyuzi za chini zisibishane nao, zilitiwa ganzi. Kila baada ya miaka kadhaa utando ulichoka, ukatolewa, koo likapumzishwa wiki moja, kisha ukawekwa mwingine.

Katika wiki hiyo waimbaji hawakunena. Hapo mwanzo ilikuwa amri ya daktari, sasa ilikuwa mila kabisa. Waliandika kwenye tableti, walikohoa ndani ya mto, na wake zao na waume zao walihamishiwa chumba kingine wasije wakamsikia mtu akiota kwa sauti. Ilisemwa kwamba mwimbaji mmoja wa Kisumu alijisahau akaitikia hodi, akajisikia, na hadi leo hajatoka nyumbani kwake. Huenda ni uongo. Lakini wote waliusimulia, na wote walinyamaza.

"Huu unaofuata utakuwa wa mwisho, mama," Daktari Chelagat alisema. "Nyuzi zako zimelala mno. Nikiweka wa aina ile ya zamani utateleza. Kuna mpya, unaota mizizi. Ukishashika hautoki tena."

Mghoi aliandika: *Nikikataa?*

"Utabaki na sauti ile ya chini."

*Ikoje?*

"Sijui. Hakuna anayejua, imekaa gizani miaka thelathini na mitano." Daktari alisita. "Na niseme ukweli, samahani. Mizizi ikishashika, ganzi itashuka. Labda mpaka kifuani."

*Huko ipo tayari*, Mghoi aliandika, kwa utani. Daktari hakuuona utani. Aliinamisha kichwa akaiandika ile sentensi kwenye faili lake.

Mtu angedhani kwamba sauti ile ya miaka ishirini na saba ndiyo sauti ya Mghoi, na nyingine zote ni ajali. Lakini zilikuwapo nyingine. Ilikuwapo ya msichana wa kwaya kule Bura, nyembamba, safi, yenye kuogopa. Ilikuwapo ya miaka ya vilabu vya Nairobi, alipojifunza kupiga kelele juu ya gitaa mbili bila mtu wa kumwonyesha, akaamka kila asubuhi amekauka kama aliyemeza mchanga. Mchanga ule ukabaki, na watu wakaanza kulipa kiingilio ili wamsikie. Kila mwaka sauti ilishuka kidogo, ikapata kona mpya, ikapoteza noti moja juu na kuokota mbili chini. Kama ingeachwa ingeendelea. Ndivyo zilivyokuwa sauti zote za waimbaji zamani, zikichakaa na kutengenea palepale, na wasikilizaji wakizeeka nazo. Kisha likaja onyesho la Hamburg, mafundi wakarekodi, na aliporudi wakamwambia kwamba usiku ule ndio kilele, baada ya pale ni kuteremka tu. Alitia saini. Alikuwa na sababu yake ya kutotaka mambo yaendelee mbele.

Usiku ule alioimba Hamburg, ilikuwa siku ya tatu tangu mama yake azikwe.

Hawakumwambia. Kwao Taita, kama kwingine kwingi, habari ya msiba haipelekwi kwa simu. Mtu huitwa nyumbani kwa kisingizio, mama anaumwa kidogo, njoo, au mama ameenda sokoni, ukija utamkuta. Akifika, huketishwa, hupewa chai, na huambiwa na mtu wa kumwambia, asiwe baba, asiwe ndugu wa tumbo moja. Na kwa kuwa mtoto alikuwa mbali na onyesho lilikuwa kubwa, walikubaliana kwamba aimbe kwanza. Mama Mkubwa Perpetua, dada wa marehemu, ndiye aliyemketisha baadaye na kumwambia. Mghoi alimaliza chai yake. Alisema ataomboleza akimaliza ziara, na ziara ile, ukiihesabu vizuri, haijaisha mpaka leo. Alipojaribu kulia, baadaye, utando ulikuwa umeshawekwa. Kilio kilitoka kikiwa kimenyooka, chenye noti safi na mpasuko mdogo mwishoni. Aliziba mdomo kwa aibu na hakujaribu tena.

*

Alitaka kusema ndiyo palepale kwa daktari, na wala si kwa ajili ya uwanja. Uwanja ungempata mwingine wa miaka ishirini na saba, walikuwapo wengi. Ilikuwa kwa ajili ya baba yake.

Mzee Mwadime alikuwa karibu miaka tisini, haoni, na kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kumtoroka. Aliishi juu ya mlima karibu na Wundanyi pamoja na Mshai, binamu yake Mghoi, aliyemtunza. Uso wa binti yake hakuuona tena, na jina alilisahau mara kwa mara, lakini sauti hakuikosea. Kila Jumapili Mghoi alipiga simu, na kila Jumapili mzee alisema kwa furaha, "Ah, mtoto! Mama yako ameenda sokoni. Njoo nyumbani, ukija utamkuta."

Mwanzoni Mghoi alijaribu kumsahihisha. Mzee akaanza kusema habari za mvua. Kwa hiyo akaacha. Akaona kwamba kichwani mwa baba yake mkewe bado yu hai, na kwamba sauti ile changa ndiyo inayomshikilia humo. Ukiiondoa, miaka yote ingemwangukia mzee kwa pamoja, na angefiwa upya akiwa na umri ule. Nani angemfanyia baba yake hivyo? Kwa hiyo alijibu tu, "Msalimie," na akakata simu, na hakuhisi chochote. Ulikuwa uongo mwepisi na ulifanya kazi vizuri.

Jumapili ya wiki ya ukimya ilifika. Mshai alishatuma ujumbe kwamba mzee amekataa chakula mpaka asikie simu. Otiende, aliyekuja kumletea uji, alimwekea kwenye tableti programu ya studio. Unaandika, nayo inasema kwa kalibu yako.

"Studio huitumia kwa matangazo," alisema. "Hata mimi siwezi kutofautisha, na nimekaa nyuma yako maisha yangu yote."

Mghoi aliandika. Tableti ikasema, "Shikamoo, baba. Hujambo?"

"Ah, mtoto! Sijambo kabisa. Mama yako ameenda sokoni. Njoo nyumbani, ukija utamkuta."

*Msalimie.*

"Msalimie," ilisema tableti, na kwa hiari yake ikaongeza kicheko kidogo, cha Mghoi hasa, cha zamani.

"Leo sauti yako nzuri sana," mzee alisema. "Inaonekana umepumzika."

Simu ilipokatika, Otiende alikuwa akitazama dirishani. Uji ulikuwa umeshika ngozi juu. Mghoi aliukoroga. Alingoja aumie, kwa sababu aliona kabisa kwamba hapa ndipo mahali pa kuumia, lakini hakuna kilichokuja. Kumbe simu zote zile za Jumapili zingeweza kupigwa bila yeye. Aliandika kwa herufi kubwa kidogo, akamgeuzia Otiende kioo.

*Nenda na vijana wewe kwenye mazoezi. Mimi naenda kwetu.*

"Na Jumanne? Daktari anakungoja Jumanne."

*Nitarudi kabla.*

"Utamsalimiaje mzee? Na hiyo tableti?"

Mghoi aliitazama tableti. Alifikiri ataikalisha mapajani mbele ya baba yake asiyeona, imwamkie, na yeye mwenyewe akae pembeni kama mgeni. Aliiacha mezani, karibu na uji.

*

Jumatatu alipanda treni ya asubuhi hadi Voi, na kutoka pale gari lisilo na dereva likampandisha mlimani kwa kona zile zile zilizokuwa zikimtapisha alipokuwa mdogo. Hewa ilipoa. Mashamba ya kabeji yalikuwa na maji bado. Kwa kawaida alilingojesha gari nje, injini ikivuma, kwa kuwa siku zote alikuwa na onyesho la kuwahi. Leo alilirudisha. Alisimama uani akivua viatu, akausikia ukimya baada ya gari kuondoka, mkubwa kuliko alivyoutarajia.

Mshai alitoka jikoni na kitambaa mabegani, akafungua mdomo kupiga vigelegele. Mghoi akaweka kidole chake mdomoni kumnyamazisha. Mlango wa baba yake ulikuwa wazi. Angeweza kuingia kimya, amshike mkono, aondoke. Hakuna mila ambayo ingevunjwa, hakuna ambaye angedhurika. Mguu wake ulikuwa umeshafika kizingitini, lakini mtu wa kwao haingii nyumba ya baba yake bila kubisha.

"Hodi," alisema.

Hakuijua. Ilitoka chini, pana, yenye mikwaruzo, pumzi ikivuja pembeni, kama ufagio kwenye sakafu ya saruji. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima aliyetembea mbali. Alisimama pale mlangoni akiwa na hofu, na ile hofu ilimshangaza, maana ilikuwa miaka mingi hajaogopa kitu.

Mzee Mwadime, kitini karibu na dirisha, aliinua uso. "Karibu, karibu, shemeji! Perpetua, umeupanda mlima huu na magoti yako hayo? Mshai, leta chai!"

Mama Mkubwa Perpetua alikuwa amekufa zamani. Mshai alimtazama Mghoi, Mghoi akamtazama Mshai. Mghoi aliketi.

"Afadhali umekuja," mzee alisema. Aligusa kifua chake kwa vidole. "Nina neno limenikaa hapa. Yule mtoto hupiga simu kila Jumapili."

"Mtoto yupi?"

"Mghoi, nani mwingine? Yuko Ulaya huko, anaimba." Akashusha sauti, akasogeza kichwa. "Hajui."

"Hajui nini, shemeji?"

"Kwamba mama yake, Wakio, tumemzika."

Chai ilikuja. Mshai aliweka vikombe kimoja kimoja.

"Wewe ndiye uliyesema aimbe kwanza," mzee aliendelea. "Sikulaumu, wote tulikubali. Msiba hauambiwi mtu kwa simu, nikakubali. Lakini siku zinakwenda! Kila akipiga nasikiliza, nikisema labda leo ameshaambiwa. Wapi! Sauti ni ile ile. Mtu aliyefiwa na mama yake haongei vile, shemeji, hata angekuwa hodari namna gani. Basi namwambia mama yuko sokoni, ili aje, akae, aambiwe na mtu wa kumwambia. Anakuja na gari linavuma nje, chai hamalizi. Nitamwambiaje mtu ambaye tayari yuko mlangoni? Na mimi si wa kumwambia. Ni wewe." Akatikisa kichwa. "Namdanganya mwanangu kila Jumapili. Nimechoka. Naogopa nitakufa kabla hajajua, na atabaki vile vile."

Mghoi alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Miaka yote ile alidhani yeye ndiye anayemhurumia mzee, anayeubeba uongo kwa ajili yake. Kumbe mzee aliubeba upande wa pili, kila Jumapili, peke yake, akikataa chakula, akimngoja mtoto mmoja arudi nyumbani aketi. Na alikuwa amesikia sawasawa. Kumbukumbu ilikuwa imemdanganya katika mambo yote isipokuwa hili. Sauti ile ya usiku wa Hamburg, ambayo watu walilipa kuisikia, ilikuwa sauti ya mtu ambaye hajaambiwa.

"Amekuja, shemeji," alisema.

"Nani?"

"Mtoto. Ameketi. Amevua viatu. Ameshika chai."

Mzee alikaa wima. Alipapasa kola ya shati lake akafunga kifungo cha juu, kama mtu anayetaka kusimama mbele za watu. "Basi mwambie," alisema. "Mwambie polepole."

"Mghoi," alisema Mghoi. Aliweka kikombe chini. "Mghoi, mama yako amekufa. Mama amekufa."

Koo liliuma. Lilianza kwa kuwasha, likawa moto, likawa kisu, likashuka mpaka kifuani na kufungua kila kilichokuwa kimefungwa humo. Alilia kwa sauti isiyo na noti, iliyokwaruza na kukatika na kuanza tena mahali pasipofaa, mbaya kabisa, na hakuziba mdomo. Mshai aliketi sakafuni akalia naye.

Mkono wa mzee ulimtafuta hewani. Uligusa bega, ukapanda shavuni, ukakaa pale kwenye machozi, na ulikaa muda mrefu.

"Mghoi?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Pole, mwanangu." Akamfuta shavu kwa kidole gumba. "Pole sana. Tulikuficha. Tulisema uimbe kwanza."

"Najua, baba."

"Sasa sauti yako imekuwa kubwa," mzee alisema, akaegemea nyuma ya kiti kama mtu aliyetua mzigo, na baada ya muda aliomba chakula.

*

Jumanne asubuhi simu iliita wakati Mghoi akiwa nje anachambua maharagwe kwenye ungo. Majirani walikuwa wamekwisha kusikia, na tangu jana walikuwa wakija mmoja mmoja, wakikaa kwenye viti vya Mshai, wakitoa pole kwa msiba ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa ulipotokea. Hakuna aliyeona ajabu.

"Habari za asubuhi," ilisema sauti ya binti wa mapokezi wa kliniki, sauti ya miaka kumi na minane hivi, safi kabisa. "Samahani, mama, tunamtafuta Mghoi Mwadime. Daktari yuko tayari, chumba kiko tayari. Tunaweza kuongea naye?"

Mghoi alimeza mate. Koo lilikuwa bado linauma, na aliliacha liume.

"Mwambie daktari hawezi kuja," alisema. "Amefiwa na mama yake."